Baada ya Podfak: Kirusi cha Chuo Kikuu Hakiokotwi Njiani



Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayepata ufadhili wa kusoma Urusi kwa kawaida huanza na mwaka mmoja wa lugha. Wanafunzi wenyewe huuita mwaka huo podfak, kifupisho cha jina la Kirusi la kitivo cha maandalizi. Huingia pale bila kuzijua hata herufi, na ifikapo kiangazi hutarajiwa awe amefaulu kiwango cha kwanza cha TRKI, mtihani wa serikali wa Kirusi kwa wageni. Mtihani huo una ngazi sita: ya awali, ya msingi, halafu viwango vinne vinavyohesabiwa kuanzia cha kwanza hadi cha nne. Orodha rasmi za msamiati hukadiria maneno 780 kwa ngazi ya awali, 1,300 kwa ngazi ya msingi na 2,300 kwa kiwango cha kwanza. Kwa maneno hayo 2,300 kijana hufunguliwa mlango wa mwaka wa kwanza wa udaktari, uhandisi, uchumi au sheria, akaketi ukumbi mmoja na vijana waliokua ndani ya lugha ile tangu utotoni. Mhadhara wangu unaanzia hapo mlangoni. Nauliza ni nani anayemfundisha Kirusi baada ya hapo, na anamfundisha nini.

Sitaki nieleweke kwamba naibeza podfak. Tangu Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilipoanzishwa Moscow mwaka 1960, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, maelfu ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini wamepitia mwaka ule wa maandalizi wakatoka madaktari, wahandisi na wanasheria. Walimu wake walijenga mojawapo ya mifumo madhubuti zaidi duniani ya kumfikisha mtu asiyejua kitu mahali pa kuanza kusoma. Vitabu vya Serafima Khavronina, aliyefundisha chuoni hapo, vimetumika vizazi kwa vizazi. Tatizo langu ni wazo ambalo mafanikio hayo yalilizaa bila kukusudia, kwamba kazi ngumu imekwisha, na kilichobaki kitakuja chenyewe kwa kuishi bwenini, kusikiliza mihadhara na kununua mkate dukani. Nadai kwamba hakiji chenyewe. Kirusi cha ngazi ya juu ni somo jingine, lenye mambo yake na mbinu zake, na kisipofundishwa kwa makusudi mwanafunzi hubaki miaka mitano pale pale podfak ilipomwacha, ila sasa akisema haraka zaidi.

Ushahidi wa kwanza unatoka mbali na Urusi. Katika shule za Kanada ambako watoto wanaozungumza Kiingereza husomeshwa masomo yao kwa Kifaransa, mtafiti Merrill Swain alieleza mwaka 1985 jambo lililowashangaza wengi. Watoto wale, baada ya miaka ya kusikia Kifaransa kila siku, waliielewa lugha karibu sawa na wenyeji, lakini kuzungumza na kuandika kwao kulibaki na makosa mengi ya kisarufi. Maelezo yake yalikuwa kwamba mtu anaweza kuelewa kwa kushika maneno makuu na kukisia mengine, na hakuna kinachomlazimisha kuangalia umbo la sentensi mpaka yeye mwenyewe atakiwe kutunga maneno marefu yaliyo sahihi. Kabla yake, mwaka 1972, Larry Selinker alikuwa ameonyesha kwamba lugha ya mjifunzaji huweza kuganda. Makosa yasiyozuia kueleweka huzoeleka, na mazoea huwa magumu kung'oa kuliko ujinga. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu mjini Voronezh au Kazan yumo ndani ya hali hiyohiyo. Anaelewa mhadhara, anaeleweka kwa wenzake, na hakuna anayemsahihisha, kwa sababu Warusi wengi huona ni utovu wa adabu kumkatiza mgeni anayejitahidi.

Ushahidi wa pili unahusu Kirusi chenyewe. Richard Brecht, Dan Davidson na Ralph Ginsberg walifuatilia wanafunzi 658 wa Kimarekani waliokwenda kusoma Kirusi katika Umoja wa Kisovieti kati ya mwaka 1984 na 1990, wakapima nani alipiga hatua na nani alibaki alipokuwa. Wengi wangetegemea kwamba mchangamfu asiyejali sarufi ndiye angewazidi wenzake katika kuzungumza. Matokeo yalikuwa kinyume. Alama za sarufi na kusoma ambazo mwanafunzi alikuwa nazo kabla ya safari zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyotabiri vizuri maendeleo yake huko ugenini, hata katika kuzungumza na kusikiliza. Mazingira yalimfaa zaidi yule aliyekwenda na zana za kuyatumia. Kwangu mimi, utafiti huu unatosha kuiondoa mezani hoja ya kwamba mtaa ndio mwalimu bora. Mtaa humnoa aliyekwisha kufundishwa, na asiyefundishwa humwacha na alichonacho.

Basi hicho kinachopaswa kufundishwa ni nini? Nitachukua jambo moja nilitazame kwa karibu, nalo ni hali ya kitenzi. Karibu kila kitenzi cha Kirusi kina sura mbili, moja ya tendo lililotimia na nyingine ya tendo lisilotazamwa ukomo wake. Podfak hufundisha kanuni ya kwanza: tendo lililokwisha huchukua sura ya kutimia, na tendo linaloendelea au kujirudia huchukua ile nyingine. Kanuni hiyo inatosha kwa mtihani wa kwanza, kisha inaanza kumpotosha mwanafunzi. Mrusi akiingia chumbani akauliza "Kto otkryl okno?", anauliza nani kafungua dirisha, na dirisha liko wazi hadi sasa. Akiuliza "Kto otkryval okno?", dirisha limekwisha kufungwa, lakini baridi iliyobaki chumbani inaonyesha kwamba kuna aliyelifungua. Matendo yote mawili yalikwisha, hakuna lililoendelea wala kujirudia, na bado Mrusi hachanganyi sura hizo. Mwanafunzi aliyeshikilia kanuni ya podfak hana njia ya kuielewa tofauti hii, na hataisikia kwa bahati, maana aghalabu hatagundua kwamba kuna kilichomponyoka.

Mzungumzaji wa Kiswahili, hata hivyo, ana mlango wa kuingilia ambao watu wengi hawana. Sisi husema "nani amefungua dirisha?" matokeo yangali mbele yetu, na "nani alifungua dirisha?" tunapouliza juu ya tendo lililopita bila kudai kwamba dirisha bado li wazi. Mifumo hii miwili hailingani moja kwa moja, kwa maana Kirusi huipeleka tofauti hiyo hata katika wakati ujao, katika kukanusha na katika amri. Lakini wazo la kutenganisha wakati wa tendo na alama liliyoiacha liko tayari kichwani mwa mwanafunzi. Hali kadhalika kwa uhusika wa nomino, jambo linalowatisha wageni wengi. Mwanaisimu wa Leningrad, Lev Shcherba, alikuwa akiwapa wanafunzi wake sentensi ya Kirusi ambayo mashina yake yote ni ya kubuni, wakaona kwamba bado wanajua nani katenda na nani katendwa, kwa kusoma viambishi tu. Kiswahili hukubali zoezi hilohilo. Mtu akisema "kile kibunsi kilimzopua mtapiru", hakuna anayejua kibunsi ni nini, lakini kila mmoja wetu anajua nani alimfanya nini nani, kwamba jambo limepita, na kwamba mtapiru huenda ni kiumbe mwenye uhai. Anayeishi na ngeli na upatanisho wake hana sababu ya kuogopa lugha inayobeba maana kwenye viambishi. Anachohitaji ni mtu wa kumwonyesha kwamba kazi ile ile inafanyika mwishoni mwa neno badala ya mwanzoni.

Huyu Shcherba alisisitiza jambo ambalo walimu wengi wa lugha wangali wanalikwepa: unaweza kuifukuza lugha ya mama darasani, lakini huwezi kuifukuza vichwani mwa wanafunzi. Kama iko vichwani, ni heri iitwe mezani ifanye kazi. Hapa huja pingamizi la haki. Darasa moja la Moscow lina Mvietnam, Mchina, Mwarabu, Mkolombia na Mtanzania, na mwalimu mmoja hawezi kuzijua lugha zote hizo. Ni kweli, wala si lazima azijue. Kinachotakiwa ni kijitabu cha kurasa chache kwa kila lugha, kinachosomwa na mwanafunzi nje ya darasa, kikieleza hali ya kitenzi, vitenzi vya mwendo na uhusika kwa mifano ya lugha yake. Kwa Kiswahili msingi wa kazi hiyo upo. Kamusi ya Kiswahili-Kirusi iliyosimamiwa na Dmitri Olderogge ilitoka mwaka 1961, na Kiswahili kimefundishwa katika chuo kikuu cha Leningrad, sasa Saint Petersburg, tangu miaka ya 1930. Warusi wamekuwa wakiichambua lugha yetu karibu miaka mia kwa ajili ya wanafunzi wao. Sisi tumefanya kidogo mno upande wa pili.

Sehemu ya pili ya Kirusi cha juu ni lugha ya kitaaluma, ambayo walimu wa Kirusi huiita mtindo wa kisayansi wa usemi. Hapa ndipo mwanafunzi mwenye kuzungumza vizuri sokoni huanguka vibaya ukumbini. Chukua jambo jepesi la fizikia: gesi ikipashwa joto hutanuka. Kwa Kirusi cha mazungumzo lingesemwa kwa vitenzi viwili vifupi. Kitabu cha kiada huandika "v rezultate povysheniya temperatury proiskhodit uvelicheniye obyoma gaza", yaani, neno kwa neno, katika matokeo ya upandishaji wa halijoto hutokea uongezekaji wa ujazo wa gesi. Vitenzi vyenye uhai vimegeuzwa nomino, kila nomino imeining'iniza nyingine kwa uhusika wa umilikishi, na kitenzi pekee kilichobaki, "hutokea", hakibebi habari yoyote. Sentensi moja ya namna hiyo si shida, lakini kurasa thelathini kwa usiku mmoja ni shida kubwa. Podfak huanza kuigusa lugha hiyo katika miezi yake ya mwisho, lakini wakati mwanafunzi anapoihitaji hasa, yaani mwaka wa pili na wa tatu, saa za Kirusi kwenye ratiba yake zimepungua au zimekwisha.

Na kusoma ni nusu tu ya mzigo. Atatakiwa aandike kazi za muhula, kisha tasnifu, kisha asimame mbele ya jopo aitetee. Kuandika hakufundishwi kwa kuelekezwa kanuni. Hufundishwa kwa kuandika rasimu, kusahihishwa, na kuandika tena ile ile. Katika kusahihisha ndipo mwalimu humwonyesha mwanafunzi kwamba aya yake inaeleweka lakini haisomeki kama ya msomi, kwamba "ya dumayu", yaani "nadhani", inafaa barazani ilhali kwenye tasnifu hoja husimamishwa kwa njia nyingine, na kwamba dai lisilo na uhakika lina namna yake ya kupunguzwa makali. Wapo wanaosema usahihishaji wa aina hii huvunja moyo na kumfanya mwanafunzi aogope kusema. Hofu hiyo naiheshimu, na kwa anayeanza ina ukweli. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa tatu si anayeanza. Kinachomvunja moyo ni kurudishiwa kazi yenye alama ya chini na neno moja pembeni, "lugha", bila kuambiwa lugha ipi na wapi. Mwalimu akichagua aina mbili za makosa kwa kila kazi, akazifuatilia mpaka zipungue, kisha akahamia nyingine, mwanafunzi huona njia anayopita.

Kuna pingamizi jingine linalosikika zaidi miaka hii. Vyuo kadhaa vya Urusi, hasa vya udaktari, hufundisha wageni kwa Kiingereza, na wazazi huuliza kwa nini mtoto ahangaike na Kirusi cha ngazi ya juu. Jibu liko wodini. Anapofikia mafunzo ya kliniki, mwanafunzi huyo hukutana na wagonjwa, na mgonjwa wa mkoani haelezi maumivu yake kwa Kiingereza. Kirusi kina vitenzi vingi vya maumivu, na kila kimoja humwelekeza daktari upande wake. "Kolet" ni mchomo mkali kama wa sindano. "Noyet" ni maumivu ya chinichini yasiyokoma, kama ya jino bovu. "Zhzhot" ni kuwaka moto, na "lomit" ni kuuma kwa mifupa na viungo kama vile vinavunjwa, jinsi inavyomtokea mwenye homa. "Strelyayet", kitenzi cha kupiga risasi, husemwa kwa maumivu ya ghafla yanayopasua sikioni. Zaidi ya hayo, vitenzi hivi mara nyingi hutumika bila mtenda. Mgonjwa husema "u menya kolet v boku", yaani kwangu kunachoma ubavuni, na anayetafuta nani kafanya nini katika sentensi hiyo hataona mtu, kwa kuwa mwenye ubavu amewekwa ndani ya kirai cha kihusishi. Mwanafunzi aliyefundishwa neno moja tu la "kuuma" ataandika katika faili kwamba mgonjwa anaumwa, na atakuwa ameacha nje nusu ya dalili. Kwa daktari, Kirusi hiki ni sehemu ya kazi yenyewe.

Mashine za kutafsiri zina nafasi yake, na sioni faida ya kuzikataza. Humsaidia mwanafunzi kupitia makala kumi ili achague mbili za kusoma kwa makini. Hata hivyo hazimsemei wakati wa utetezi wa tasnifu, wala hazimwambii kwamba amemwamuru mtu aliyekusudia kumkaribisha. Katika Kirusi mgeni hukaribishwa kiti kwa "sadites", na "syadte" husikika kama amri ya polisi au mwalimu mkali, ingawa yote mawili humaanisha "kaeni" na yote yana umbo la heshima. Anayechagua vibaya huonekana hana adabu, na kwa kuwa anasema haraka na bila kusita, hakuna anayedhani kwamba hajui.

Upande wa pili wapo wenye mapenzi makubwa na Kirusi, ambao kwao ngazi ya juu ni Pushkin, Tolstoy na Dostoevsky. Nawaunga mkono kwa moyo wote katika jambo moja: mtu aliyeishi Urusi miaka sita akarudi bila kusoma kitabu kimoja cha fasihi yake amepunjwa. Vitaly Kostomarov na Yevgeny Vereshchagin, katika kazi zao za miaka ya 1970 juu ya lugha na utamaduni, walionyesha vizuri kwamba maneno hubeba historia na desturi, na asiyezijua hizo husikia sauti tu. Lakini riwaya ya karne ya 19 haimfundishi mhandisi kuandika ripoti wala mwanasheria kusoma hukumu. Kuiweka fasihi mahali pa lugha ya taaluma ni kumdai mwanafunzi kazi mbili kwa muda wa moja. Iwekwe kando yake, kwa hadithi fupi badala ya juzuu nne, na kwa lugha ya karibu na leo kabla ya ile ya Pushkin.

Lililobaki ni muda. Taasisi ya Marekani inayofundisha lugha wanadiplomasia wake hutenga takriban wiki 44, saa 1,100 za darasani, kumfikisha mzungumzaji wa Kiingereza kwenye kiwango cha kufanyia kazi kwa Kirusi, na wanafunzi wake hawana kazi nyingine mchana kutwa. Mwanafunzi wetu wa podfak hupewa mwaka mmoja, na ndani yake hufundishwa pia hisabati, fizikia au baiolojia kwa lugha ambayo bado anaisomea herufi. Huyu hawezi kuwa amemaliza. Ndiyo sababu mfumo wa TRKI wenyewe unamtaka mgeni awe na kiwango cha kwanza ili aingie chuoni na kiwango cha pili ili ahitimu, na kwa taaluma za lugha ukapanda juu zaidi. Serikali ya Urusi imekiri kwa mitihani yake kwamba kuna safari kati ya mlango wa kuingilia na wa kutokea. Haitoshi kuupima mwendo huo mwishoni ikiwa hakuna anayeongoza katikati. Wanaopinga watataja gharama za walimu, nami nasema gharama ya mwanafunzi anayerudia mwaka, au anayerudi nyumbani na shahada asiyoweza kuitetea kwa lugha aliyoisomea, ni kubwa kuliko saa nne za Kirusi kwa wiki hadi mwaka wa nne.

Mwaka 2023, kwenye mkutano wa Urusi na Afrika uliofanyika Saint Petersburg, ilitangazwa kwamba nafasi za ufadhili kwa Waafrika zingezidi 4,700 kwa mwaka wa masomo uliofuata. Vijana wengi zaidi watapita kwenye mlango ule, na sehemu ya kazi hii iko mikononi mwetu huku nyumbani. Nawaomba wahitimu wa vyuo vya Urusi walioko Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi, Kampala na Bujumbura waketi pamoja na walimu wetu wa isimu, waandike kwa Kiswahili maelezo ya hali ya kitenzi, ya vitenzi vya mwendo, ya uhusika na ya mtindo wa kisayansi, kwa mifano ambayo wao waliipata kwa taabu. Nawaomba wanaosimamia ufadhili wamkabidhi kijana maelezo hayo miezi sita kabla ya kupanda ndege, si siku ya kumpa tiketi. Na ninyi mnaokwenda mwaka huu, podfak ikiisha msiache kudai darasa la Kirusi. Mwombeni mkuu wa kitivo kwa maandishi, na barua yenyewe iandikeni kwa Kirusi.